Kifundo Kipya cha Fundi Bertila

Ukiingia Nambambo wakati wa kufungua shule, huna haja ya kuuliza kwa fundi Bertila ni wapi. Fuata sauti ya cherehani. Wapo wanaoapa kwamba inasikika mpaka Ruangwa, na kwamba majogoo wa huko huamshwa nayo.

Sare za Bertila zina sifa moja: ni kubwa. Wazazi ndivyo wanavyotaka. "Mshonee akue nayo," husema. Basi Bertila huacha pindo nene kama godoro. Mtoto wa darasa la kwanza hutangulia shuleni, gauni lake hufika baadaye.

Lakini mwaka huu cherehani ilinyamaza. Kifundo cha mguu wa kulia kilimgomea. Zamani alianguka na baiskeli yenye gunia la korosho, kifundo kikavunjika. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya. Tangu hapo kilisagika taratibu. Sasa akikanyaga pedali, anaona nyota mchana.

"Tumia mguu wa kushoto," mumewe Tadeo alimshauri.

"Wa kushoto haujasoma," Bertila alijibu. "Jana ulishona kaptula. Mguu mmoja unakwenda Naipingo, mwingine unakwenda Ruangwa!"

Walicheka. Kisha Bertila akafuta machozi, na hayakuwa ya kicheko. Tangu usichana wake alikuwa fundi. Bila cherehani angekuwa nani?

Wakasikia kwamba madaktari bingwa wa mifupa wamepiga kambi Ruangwa. Jirani yao Mabula, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukuma, aliwasindikiza mpaka kwenye basi.

"Shemeji, nasikia siku hizi wanaweka vifundo vya chuma," alisema. "Wakikupa, dai kikubwa! Awe ng'ombe, liwe shamba, kikubwa ndicho chenyewe."

Kambini, Daktari Lucia aliminya kifundo, akatazama picha ya eksirei.

"Mama, mifupa yako ina utando unaoteleza ili isisuguane. Kwako umekwisha. Tuna njia mbili. Tunaweza kuiunganisha mifupa iwe mmoja. Maumivu yatapungua sana, lakini kifundo hakitakunjika tena."

"Na pedali yangu?"

"Itakuwa shida."

"Sema hiyo njia ya pili, mwanangu."

"Ni kuweka kifundo bandia. Hakimfai kila mtu. Lakini wewe mifupa yako ni imara, huna kisukari, huvuti sigara, na kazi yako ni ya kukaa."

"Niwekee hicho!" alisema Bertila. "Tena kikubwa. Kikizidi, mtakunja pindo."

Daktari alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akatoa mfano wa kifundo hicho mfukoni. Juu kulikuwa na bamba la chuma. Chini kulikuwa na kofia ya chuma. Katikati, plastiki ngumu.

"Hiki hakikunjwi pindo, mama. Kikiwa kikubwa, kingo zake zinatokeza nje ya mfupa, zinakwaruza nyama. Kikiwa kidogo, hakifiki kwenye ukingo mgumu wa mfupa. Kinakalia sehemu laini, kinazama."

"Kumbe!" alisema Tadeo. "Basi ni ukubwa tu?"

"Na umbo pia, baba. Huu mfupa wa chini ni mpana mbele, nyuma ni mwembamba, halafu umepinda. Watengenezaji hawachongi sawa. Kuna vinavyofuata sana umbo la mfupa, kuna visivyofuata sana. Kisipokaa sawasawa, plastiki inalika upande mmoja kama soli ya kiatu. Kifundo kinalegea, tunarudi kupasua tena."

Bertila aliupokea ule mfano. Akaukunja na kuukunjua. Ghafla akapiga paja.

"Tadeo! Kumbe ni kwapa!"

"Kwapa la nani?"

"La gauni! Chini naacha pindo, kiunoni naacha nafasi, lakini kwapa sizidishi. Kwapa likiwa kubwa, mtoto akinyoosha mkono gauni zima linapanda. Likibana, linamkata. Kwapa unalipima kwa mwenye mwili wake."

"Umesema kweli, fundi," alisema Daktari Lucia. "Panapokunjika, hatubahatishi."

"Basi nipime. Mabula atanisamehe."

Alipelekwa hospitali kubwa Dar es Salaam. Kipimo cha CT kilionyesha mifupa yake pande zote. Madaktari wakachagua umbo na ukubwa kabla hata ya kushika kisu. Kilichomfaa kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani.

Baada ya upasuaji hakukanyaga mguu mpaka aliporuhusiwa. Alifanya mazoezi kila siku, akivuta kisigino na vidole kwa kipande cha kanga. Daktari alimwonya asiruke wala kubeba mizigo. Mguu ukivimba, ukiwa wa moto au kidonda kikitoa maji, awahi hospitali. Na hata asipoumwa, arudi kupimwa, maana kifundo bandia nacho huchakaa. Tangu siku hiyo Tadeo ndiye mbeba maji wa nyumba, na kwa maelezo yake ndoo za Nambambo ndizo nzito kuliko zote Tanzania.

Siku ya pedali ikafika. Bertila aliketi, akaweka mguu. Akakanyaga kidogo, akasubiri maumivu. Hayakuja. Akakanyaga tena. Gurudumu likazunguka, sindano ikaanza kukimbia kwenye kitambaa cha buluu.

Uani, Tadeo alikuwa akisikiliza mpira redioni. Zilikuwa dakika za mwisho, timu yake ikishambulia. Alinyoosha mkono, akaizima redio, akakaa kuisikiliza cherehani.