Majina Aliyoyazima Shemasi Gaspard

Kanisani kwao Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, Gaspard alikuwa shemasi wa mlangoni. Mgeni aliyetaka kupokelewa alimwonyesha rekomandasyo, yaani barua ya mchungaji wa kule alikotoka. Gaspard hakujali sura ya mgeni wala maneno yake matamu. Alitafuta jina la mchungaji aliyetia sahihi. Asipolijua, mgeni alikaa benchi la nyuma hadi habari zake ziulizwe. Kazi hiyo aliipenda mno, na mara nyingine aliizidisha.

Mwaka huo, 2014, mkewe Annuarite alikuwa akisomea ualimu wa chekechea kwa intaneti, kwenye simu yao moja. Mtihani wa mwisho ulitakiwa kutumwa Jumamosi kabla ya jioni. Asipoutuma, masomo ya mwaka mzima yangepotea bure.

Jumamosi asubuhi, Annuarite akisonga nsima, ugali wa huko Malawi, Gaspard aliona onyo kwenye simu: mtandao wako huenda unachunguzwa na mtu usiyemjua. Akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, akafungua orodha ya vyeti vinavyoaminiwa.

Orodha ilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza uliandikwa Système, yaani vyeti vilivyokuja na simu yenyewe. Loo! Majina ya kampuni za mbali, hakuna hata moja alilolijua. Akayazima moja baada ya jingine, kwa raha zake zote. Wa pili uliandikwa Utilisateur, yaani vilivyoongezwa na mtumiaji, na humo mlikuwa na jina moja tu: Patient. Gaspard akatabasamu. Patient alikuwa muuza simu wa Biwi, kule Lilongwe, na ni mtu wa Bukavu, Kongo, kama yeye. Ndiye aliyemwekea simuni kitu cha kupata intaneti ya bure. Huyo akamwacha.

Baada ya kula, Annuarite alifungua ukurasa wa masomo. Simu ikagoma: ukurasa huu si salama. Akajaribu tena, ikagoma tena.

“Baba Bienvenu,” akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, “umefanya nini kwa simu?”

“Nimefukuza bantu tusiobajua. Bote!”

“Na mutihani yangu?”

Gaspard aliona machozi machoni pa mkewe, akaona aibu. Wakaita kabaza mbili, yaani baiskeli za kubeba abiria, kila mmoja akapanda nyuma ya baiskeli yake, wakaenda kwa Olga, aliyefundisha kompyuta hapo hapo Dzaleka.

Olga aliitazama simu, kisha akacheka kidogo.

“Shemasi, mugeni akikuja kanisani, we unaangaliaka nini?”

“Rekomandasyo. Na jina ya muchungaji.”

“Simu nayo njo vile. Kila ukurasa unaleta cheti, njo rekomandasyo yake. Simu inaangalia kama mwenye kutia sahihi iko kwa orodha. Bale ba Système, batengenezaji ba simu balibachunguza mbele ya kubaweka. We umebazima. Sasa simu itamupokea nani?”

“Kumbe nimefukuza bachungaji!”

“Njo vile. Na Patient ukamuacha.”

“Patient ni ndugu yetu, mama.”

“Mi sisemi ni mwizi. Pengine na yeye alidanganywa. Lakini mwenye cheti hiki anaweza kukaa katikati ya simu na ukurasa, asome hata mot de passe, ile neno ya siri ya mama Annuarite, na simu imuamini. Ile onyo uliona, ilikuja sababu ya cheti yake.”

Gaspard aliichukua simu, na kwa kidole chake mwenyewe akayawasha majina yote ya Système. Akakifuta cheti cha Patient, na kile kitu cha intaneti ya bure. Onyo likatoweka. Ukurasa wa masomo ukafunguka. Annuarite akabadilisha mot de passe, kisha akatuma mtihani wake jua likiwa bado juu.

Alifaulu. Muhula uliofuata alikuwa akiwafundisha watoto nyimbo na hesabu.

Siku moja Patient alikuja Dzaleka kuwasalimu. Walimkaribisha kwa furaha, wakala, wakacheka.

“Yaya Gaspard,” akasema, akimwita kaka, “leta simu nikurudishie ile intaneti ya bure.”

Gaspard alimsogezea sahani.

“Ongeza nsima, ndugu yangu. Hapa nyumbani unaingia bila barua. Lakini kwa simu, utakaa benchi la nyuma.”