Ngazi Iliyonyamazishwa

Ngazi ya nyumba ile ilikuwa ikilia tangu kabla Chiriku hajaolewa, lakini ni baada ya kujifungua ndipo kilio chake kilipomchosha. Chiriku lilikuwa jina la utani, na alilistahili, maana kimya kilimwasha mwili kama upupu. Sasa alikuwa na mtoto mchanga aliyelala chumba cha juu, usingizi mwepesi kama wa paka. Mtu akikanyaga kidato, mbao zililia mara mbili, mguu ukitua na mguu ukiinuka, na mtoto naye aliitikia.

Kasoro ni kwamba ngazi ililia hata pasipo mtu. Alasiri ililia kutoka chini hadi juu, na jioni kutoka juu hadi chini. Mama mkwe wake, Bimkubwa, aliyeshinda sebuleni akishona viraka, hakuinua hata macho. Alisema tu, "Pita kwa wema," akaendelea na sindano yake. Chiriku alicheka. Alimwambia mumewe kwamba mbao kuukuu hujinyoosha viungo joto likipungua, na mama yake anazipa ruhusa.

Bimkubwa aliposikia kwamba fundi seremala ataitwa, aliomba jambo moja: watengeneze kila kitu, ila waiache ilie. Hakueleza zaidi, na mke na mume wakatazamana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani avunjike guu kwenye ngazi mpya? Fundi aling'oa misumari yenye kutu, akabana mbao kwa gundi na kabari, akabadili vidato vilivyolika, akapaka vanishi, akamalizia kwa zulia. Ngazi ikawa ya kisasa, ya kupigiwa picha. Chiriku alipanda na kushuka, akitabasamu peke yake. Haikutoa hata mnong'ono.

Siku za mwanzo mtoto alilala, na mama naye akapumzika. Kisha Chiriku akaanza kukuta mlango wa chumba cha juu, aliouegesha mwenyewe, uko wazi. Ndani mlinuka mbao zilizolowa, wala si vanishi. Bimkubwa aliacha kushona. Kila alasiri aliikodolea ngazi macho, midomo ikimcheza, hajui aseme wakati gani.

Alasiri moja Chiriku alikuwa jikoni mtoto alipolia. Akakausha mikono, akaanza kupanda, na kabla hajafika katikati kilio kikakatika, si kwa kupungua kama cha mtoto aliyechoka bali ghafla, kama cha mtoto aliyenyanyuliwa, na badala yake ikaja sauti ya kubembeleza, shii, shii, ya polepole, ya mtu aliyekwisha kuizoea kazi hiyo, na ile harufu ikamshukia usoni, akajivuta kwa kishikio mpaka akafika chumbani, akamkuta mtoto kitandani peke yake, anachekelea kitu kilicho nyuma ya bega la mamaye. Chiriku hakugeuka. Alimkumbatia mwanawe akashuka mbio.

"Mama," alinong'ona, "ni nani yule?"

"Mpita njia," alisema Bimkubwa. "Nilimkuta nilipoolewa, mama mkwe wangu akanifundisha. Akipewa njia hupita, hana haja na vyumba. Lakini nilikuwa nampa njia nikimsikia, mwanangu. Sasa nitampaje?"

Chiriku aliona aibu, na hofu ikazidi aibu. Fundi aliitwa papo hapo. Alinung'unika kwamba hajawahi kuombwa aharibu kazi yake, lakini alibandua zulia na kulegeza kidato cha katikati. Akakikanyaga. Kililia mguu ukitua, kikalia ukiinuka. Akaondoka akitikisa kichwa.

Wakakaa sebuleni kungoja jioni, mtoto kifuani mwa mamaye. Mume aliporudi na kuelezwa alitaka kucheka, akaziona nyuso zao, akaketi pia.

Kidato kikalia.

"Pita kwa wema," alisema Bimkubwa.

Wakangoja mguu uinuke. Walingoja mpaka Chiriku, ambaye hajawahi kukosa neno, akasahau hata dua alizofundishwa utotoni. Kidato hakikulia mara ya pili.

Mtoto akageuka kifuani mwa mamaye, akaitazama ngazi tupu, akacheka, akanyoosha mikono achukuliwe.