Pumzi za Bi Mkasi

Jua la Mji wa Nairuzi nitakueleza mpaka ulielewe kama fundi aliyelitundika. Mimi mwenyewe sijalielewa, lakini hilo lisikutie wasiwasi. Hata Bi Mkasi, aliyezaliwa chini yake akazeekea chini yake, alilijua kwa kiasi cha kujua saa ya kuanika nguo.

Mji ni pipa kubwa lililolazwa ubavu, linaelea angani, mbali na Ardhi, ile dunia ya mababu, nalo linazunguka bila kuchoka. Kuzunguka huko ndiko kunakowabana watu sakafuni wasipeperuke kama vumbi. Nyumba zimejengwa ndani ya pipa, pande zote, kwa hiyo ukiinua macho huoni mbingu. Unaona mapaa ya wenzio na utosi wa vichwa vyao, na wao wakiinua macho wanauona wako. Ndiyo maana wanawake wa Nairuzi hawatoki nje bila kusuka. Katikati ya pipa umepita mhimili, na juu ya mhimili linatambaa jua-kandili, kutoka mwisho mmoja wa mji mpaka wa pili, kutwa nzima, kisha linazimwa watu wakalale.

Mwaka ukikaribia kwisha, mafundi hulipunguza jua. Hawalipunguzi kwa uchoyo. Miti yote ya mji ni mikungu, ile izaayo kungu, kwani mababu waliokuja na mbegu walitoka pwani, na mkungu usipopata majira ya kupumzika huzubaa, ukawapa watu hewa haba. Basi mwanga unashuka kutoka weupe hadi rangi ya asali, ubaridi unaingia, na majani yanaanza kugeuka. Majira hayo huitwa Pukutizi.

Mwaka huo Bi Mkasi alitoka mlangoni na wajukuu wawili, Tatu wa miaka saba na Ussi wa miaka minne, wakakuta mji mzima umegeuka mwekundu. Wekundu ulikuwa miguuni mwao, ukapanda ubavuni kulia na kushoto, ukakutana juu ya vichwa vyao, nyuma ya jua. Bi Mkasi alikuwa ameyaona majira hayo umri wake wote, na bado alisahau kufunga mdomo.

"Bibi," Ussi akanong'ona, "miti imepaka hina?"

"Imepaka. Si inakwenda sikukuu?"

Jani la kwanza likaanguka. Kule Nairuzi jani haliji chini wima, kwa sababu wakati linashuka mji nao unazunguka unalikimbia, basi linakuja mshazari, kama mtu anayekwepa mdai wake. Ussi alikinga mikono palepale alipo, jani likapita kando. Tatu, mkongwe wa kazi hiyo, alishapiga hatua mbili pembeni na kulidaka.

"Wee mshamba kweli," akamwambia mdogo wake. "Jani hulifuati lilipo. Unalisubiri litakapokuwa."

"Haraka, kifagizi kinakuja!" Bi Mkasi akapiga kelele, na wote watatu wakakimbia wakicheka. Vifagizi ni mashine ndogo, bapa kama sinia, zinazotambaa njiani zikila majani yaliyoanguka ili yasagwe yarudi udongoni. Havina adabu. Wanachowahi kukiokota watoto, watoto wanakipeleka nyumbani, kinaanikwa, na kwa majani hayo kila familia inajenga kibanda kidogo, kimo cha mtoto. Asubuhi ya Siku ya Mwaka kibanda kinachomwa, na ugomvi wa mwaka mzima unaungua humo.

Tatizo ni huo moto. Katika pipa lililofungwa, moto ni mgeni anayekula kuliko wenyeji. Wanapikia mvuke, wanaota joto la ukuta, na mtoto wa Nairuzi anaweza kukua asijue mwali ni kitu gani. Ussi alikuwa hajui. Mwaka uliotangulia alisinzia mgongoni mwa bibi yake mpaka moto ukazimika.

Waliporudi na kapu limejaa, Bi Mkasi aliwaacha watoto uani wakiyapanga majani, akaingia ndani. Mumewe, Mzee Pandu, alikuwa anafunga begi. Kila Pukutizi Mzee Pandu alifunga begi, akawaaga wajukuu kwamba anakwenda Ardhini kuleta moto, akarudi Siku ya Mwaka na hadithi ndefu. Wakubwa wote wa mji walijua anakokwenda, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na wa kwake.

"Mzee Pandu," ukuta ukasema, "begi hilo lifungue."

Aliyesema ni Msimamizi, akili ya mtambo inayogawa pumzi za mji mzima. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekula akashiba.

"Lina nini begi langu?" akauliza Pandu.

"Begi halina neno. Moyo ndio wenye neno. Nimeusikiliza wiki nzima. Nikikulaza mwaka huu, sitaweza kukuamsha."

Bi Mkasi akalifungua begi yeye mwenyewe.

Mambo yenyewe ni hivi. Kila mtu wa Nairuzi ana fungu lake la pumzi. Anayetaka kuwapa wa kwake moto, hulala Nyumba ya Usingizi Pukutizi nzima. Humo mwili unapozwa mpaka damu inatembea kwa kunyata, na mtu anavuta pumzi moja pale mwenzake aliye macho anapovuta mia. Hewa aliyoiacha huwekwa akiba, na Siku ya Mwaka moto wa nyumba yake unaila. Mzee Pandu hakuwa ameona jani likianguka tangu binti yao Mize, mama wa Tatu na Ussi, aolewe.

"Basi mwaka huu hatuna moto," Pandu akasema, akaanza kutoa kanzu begini moja moja. "Tutawasha ile taa ya kuchezacheza, ya rangi."

"Taa!" Bi Mkasi akaruka. "Utachoma ugomvi gani kwa taa? Ussi aje kuwa mtu mzima akidhani moto ni picha?"

"Nani alale, Mkasi? Mize na mumewe ndio mafundi wa jua. Wakilala wao, sote tutaamkia gizani."

"Mimi nipo."

Ukuta ukasema, "Bi Mkasi, leo peke yake umevuta pumzi nyingi kuliko nyumba nzima ya jirani."

"Nilikuwa nagombana na mume wangu."

"Kugombana kunakula sana hewa."

"Basi nikilala si mtapata akiba ya mji mzima? Moyo wangu ukoje?"

"Mzima," Msimamizi akajibu, akasita, na haikuwa kawaida yake kusita. "Ila wa umri wako, mmoja mmoja, hulala tu wakapitiliza, wasiamke tena. Sababu siijui. Ningeijua ningekuambia."

Pandu akasimama. "Hakuna kulala hapa. Nimekataa."

"Umelala wewe miaka yote hiyo, nilikataa mimi?"

"Hukujua hatari yake."

"Na wewe ulijua?"

Mzee Pandu akatazama kanzu zake. Alijua, kumbe. Bi Mkasi akachukua begi, akaanza kutia khanga.

Uani aliwaambia watoto kwa sauti ya mtu anayekwenda dukani. "Mwaka huu moto naufuata mimi."

"Kwa nini si Babu?" Tatu akauliza.

"Babu yenu mwaka jana alipotea njia, akawauliza watu wa Ardhini, wakamcheka."

"Moto una miguu?" akauliza Ussi.

"Hauna, mwanangu. Ndiyo maana lazima mtu aubebe."

Pandu alimsindikiza. Nyumba ya Usingizi ilikuwa ndefu, nyeupe, na vitanda vyake vilifunikwa kwa vioo. Wengine walishalala: fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwalimu wa chuoni, mwanamke kijana aliyeshika kiatu cha mtoto. Bi Mkasi alipita kati yao akitembea kwa ncha za vidole, kama kwamba angeweza kuwaamsha. Kila mwaka aliona mioto ya jirani akaisifu. Leo ndiyo aliona nyuso zake.

Alipolala kitandani, baridi ilimpanda kutoka nyayoni, na hapo hofu ikamshika kweli. Pandu akaushika mkono wake.

"Ukichelewa kuamka, naoa," akamwambia.

"Oa. Atakayevumilia mkoromo wako, pepo imemwajibikia." Ulimi ukawa mzito. Alitaka kumwambia neno jingine, la kweli, lakini kioo kilishashuka, akamwona tu Pandu akiitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Kisha hapakuwa na kitu. Si ndoto, si giza. Kama ukurasa uliochanwa.

Akafumbua macho. Kitu cha kwanza alichosikia ni Msimamizi akisema, "Pumzi moja zaidi, Bi Mkasi. Hiyo hapo. Na nyingine," kwa sauti ambayo, kama ingekuwa ya mtu, ungesema ilikuwa inaomba dua. Pembeni alisimama Pandu, amevaa kofia ya sikukuu.

"Majani yameisha?" akauliza.

"Yameisha."

Akatoka nje kwa kushikwa mkono. Mikungu yote ilikuwa mitupu, pande zote na juu, vitawi vimesimama kama nywele za mtu aliyekurupushwa. Pukutizi nzima ilikuwa imempita. Bi Mkasi alilia kidogo, halafu akaona aibu, kwa kuwa aliyeshika mkono wake majira hayo yalimpita miaka mingi na hakuwahi kulalamika hata mara moja.

"Ulikuja kunitazama?" akamwuliza, ili kubadili mazungumzo.

"Nije nifanye nini? Nimekutazama umelala tangu ujana wetu. Nilikuwa na kazi zangu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Jibu lilimchoma kuliko alivyotarajia.

Asubuhi ya Siku ya Mwaka mafundi hawaliwashi jua. Hiyo ni desturi. Mji mzima unaamka kizani na kutoka uani, watu wakiongea kwa kunong'ona, kila familia imekizunguka kibanda chake cha majani makavu. Mize na mumewe walikuwa juu kwenye mhimili, wanangoja. Uani walikuwapo wanne tu. Pandu alipiga magoti, akauweka ubao mkavu chini, akaanza kupekecha kijiti juu yake kwa viganja viwili. Kijiti kililia. Harufu ngeni ikatoka, kali, na Ussi akaziba pua.

"Babu anafanya nini?"

"Shhh. Anauita moto," Bi Mkasi akamjibu.

Chembe nyekundu ikatokea, ndogo kuliko punje ya mtama. Pandu akaidondosha juu ya jani lililofikichwa, akainama, akapuliza. Bi Mkasi akajikuta anapuliza naye, kutoka mbali, pumzi zake mwenyewe.

Mwali ukasimama.

Ussi hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, kisha akasogea mbele mbili, na uso wake wote ukawa wa dhahabu. "Unatembea," akasema taratibu. "Bibi, hauna miguu na unatembea." Akaukunjulia moto kiganja, kama anavyosalimiwa mkubwa, akasubiri upokee shikamoo yake.

Kibanda kikashika. Na huko ng'ambo, moto wa jirani ukashika, na wa mtaa wa juu, na wa kichwani kabisa, mmoja mmoja, mpaka pipa zima likajaa vitone vya mwanga pande zote. Wale ambao hawana mbingu wakasimama katikati ya nyota. Bi Mkasi aliinua macho akawahesabu kwa nyuso: ule pale ni fundi cherehani, ule mdogo ni mwalimu, na ule unaoyumba, mbali, ndio mwanamke wa kiatu. Kuna mitaa miwili mitatu ambako giza lilibaki, kama tundu. Hakumwuliza mtu nani hakuamka.

Halafu watu wakacheka, wakashika vitawi vya mkungu wakaanza kuchapana, kwani ndivyo ugomvi wa mwaka unavyotolewa. Bi Mkasi alimchapa Mzee Pandu mgongoni mara tatu, ya mwisho kwa nguvu kidogo.

"Hiyo ya mwisho ya nini?" Pandu akalalama.

"Ya 'hata mara moja'."

Moto ukala majani, ukapungua, ukawa majivu. Kule juu Mize akaliwasha jua, mji ukashangilia. Wakakaa mkekani na vitumbua, na Ussi akajilaza mapajani mwa bibi yake.

"Hadithi ya Ardhini," akaamuru.

Bi Mkasi akakohoa kikohozi cha msafiri. "Ee, wanangu. Ardhini nilifika jua limekuchwa. Nikawakuta watu wake warefu, shingo zimewanyooka kwa kutazama mbingu ambako hakuna jirani. Mfalme wa moto akaniuliza, 'Pandu yuko wapi?' Nikamwambia anaumwa mguu. Akanipa moto kwenye sinia, nikapanda punda mwenye mabawa, na njiani mvua ikataka kunizimia moto, nikaufunika kwa khanga yangu hii hii—"

Alihisi mkono mdogo shingoni. Tatu alikuwa amemwinamia, mdomo sikioni, akinong'ona kwa uangalifu ili Ussi asisikie.

"Bibi, hukwenda Ardhini. Ulikuwa kitandani, ndani ya kioo. Nilimfuata Babu. Kila siku alikuwa anakuja na jani jipya, anakaa karibu yako, anakuhadithia lilikuwa na rangi gani na lilianguka wapi. Siku nyingine analia, kisha anakwambia habari za jirani."

Bi Mkasi akabaki mdomo wazi, punda wake amekwama hewani. Ussi akamvuta khanga: "Enhe, Bibi? Ukaufunika, halafu?" Lakini yeye alikuwa amegeuka polepole kumtazama mumewe, na Mzee Pandu, aliyekuwa na masikio mazuri kuliko moyo, alikuwa ameinamia majivu, akiyachochea kwa bidii, moto ukiwa umezimika zamani.