Nywele za Kidege Kwenye Ndoana

Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa na magonjwa mawili: ubishi na uvuvi. Ubishi aliuugulia dukani kwake, uvuvi kwenye maji ya magotini, kule bahari inapokupwa na kuacha mchanga mpana. Ndiko wanakojilaza gayogayo, wale samaki bapa wenye macho yote upande mmoja. Hakutumia dagaa kwa chambo. Alifunga manyoya ya kuku na nywele kwenye ndoana kwa uzi, akakirusha kidude hicho kwa ufito mrefu, samaki akadhani ni kijisamaki kinapita. Nywele hakuzikosa, maana alizifagia kila siku.

Jumamosi moja alimnyoa bintiye, Kidege, mtoto wa miaka minne. Mkewe akamwambia alivyomwambia siku zote.

"Baba Kidege, za wateja fanya utakavyo. Za mtoto zifukie. Nywele za mtu ni mtu."

"Ni mtu zikiwa kichwani," akajibu. "Zikianguka ni takataka."

Akazifukia, ila si zote. Shungi moja, laini kama pamba, alilitia mfukoni, maana nywele laini hucheza vizuri majini.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa limeshatoka, upepo hakuna. Kinyozi akaingia majini akiburura nyayo mchangani, asije akamkanyaga taa, samaki mwenye mwiba wa sumu mkiani. Gayogayo hajui kujificha kama anavyodhani. Akijifukia huacha umbo lake mchangani, na mvuvi mwenye macho huliona. Ndoana mpya, aliyoifunga shungi la Kidege, ilifanya maajabu. Alipata mmoja, akapata mwingine mnono zaidi, akacheka peke yake. "Mama Kidege leo atanikoma!"

Kisha akaona umbo jingine mchangani.

Halikuwa la samaki. Kitu kilikuwa kimejilaza ubavu, magoti yamekunjwa, kimo cha mtoto mdogo. Mtu mwingine angegeuza njia. Mbishi akarusha.

Ndoana ikashikwa. Kilichoishika hakikukurupuka wala kukimbia kama samaki. Kilivuta polepole, mkono baada ya mkono. Ndipo simu ikalia mfukoni, kifuani.

"Baba Kidege, rudi," mkewe alinong'ona. "Mtoto anatembea kinyumenyume. Nimemshika, ananiponyoka. Anasema kuna mtu anamvuta."

"Anamvuta nini?"

"Nywele. Na hana nywele! Si umemnyoa jana?"

 Kinyozi akachomoa kisu akate mshipi wa ndoana. Mkono ukagoma. Akikata, nywele zinabaki kule. Zinabaki na kile. Na mwanawe je?

Akakitupa kisu, akavuta. Kile nacho kikavuta. Simu ameibana begani, anamsikia Kidege akilia, anasikia na kucha zikikwaruza sakafu.

"Mshike!"

"Nimemshika, jamani!"

Akaufuata mshipi. Hakukumbuka tena kuburura nyayo. Alifika, akainama. Mchanga ulikuwa unapumua. Mdomo mdogo umechomoza, ndoana imepenya pembeni. Macho hakuyatafuta. Akaishika ndoana. Akaichomoa.

Mdomo ule haukumuuma. Ulitabasamu.

Kwenye simu kilio kikakatika.

"Ametulia," mkewe akasema akihema. "Amekaa chini. Anacheka."

Kinyozi alizifukia zile nywele kwa mikono yake, ufukweni, akiapa kwamba hatabisha tena maisha yake yote. Nyumbani Kidege alimkimbilia mlangoni. Akamnyanyua, akamkumbatia, akalia bila kuona haya. Alipomsogeza amtazame vizuri, akaona pembeni mwa mdomo tundu dogo. Halikuwa na damu. Lilikuwa limepona zamani, kama tundu la hereni.

"Hili amelipata lini?"

Mkewe akamkazia macho. "Si alizaliwa nalo? Baba Kidege, hii mizaha gani?"

Uso ule aliujua. Jana tu alikuwa ameushika kwa mkono mmoja, wembe mkono wa pili. Akafungua simu, akatafuta picha aliyompiga baada ya kumnyoa. Tundu lilikuwepo.

Mtoto yule sasa amekua, ana adabu, anampenda baba yake. Naye anampenda, afanyeje? Ila bahari ikipwa, kinyozi huenda kusimama mchangani bila ufito, huita jina la bintiye kwa sauti ya chini, kisha hutega sikio. Mkewe anasema akili zimemruka.

Lakini yeye ndiye humwandalia maji ya kuoga mumewe akirudi, na ndiye aliyewaambia majirani anachokiona. Siku nyingine, kwenye vifundo vya miguu ya mumewe, huwa pana alama nyekundu za vidole vidogo, za mtu aliyeng'ang'ania asiachwe.