Mahindi Yasiyopata Milia

Tima alikuwa ameinama sokoni Kismayo, akilikunjua jani la hindi bichi lenye michirizi ya manjano, gunia la mbegu lilipomgusa bega na kulivuta shungi lake la zambarau. Aliyelibeba, kijana mrefu wa kikoi na shati jeupe, aliomba radhi kwa Kisomali. Tima akamjibu kwa Kibajuni.

"We mchu wa wapi?" kijana akauliza, naye kwa Kibajuni, uso ukimnawiri.

"Wa kisiwa cha Chovae. Mombasa nimezaliwa tu, baada ya vita kuwatoa wazee wangu."

Kijana aliitwa Badi, na duka la mbegu lililokuwa mbele yao lilikuwa lake. Tima akamweleza kuwa yeye ni mtaalamu wa magonjwa ya nafaka, amewaletea wakulima wa Goobweyn, nje kidogo ya mji, mbegu ya mahindi inayokinza virusi vya milia, ile michirizi ya manjano. Badi alisema hajapata kuona jani likitazamwa kwa mahaba hivyo, na analionea wivu. Tangu siku hiyo simu hazikukatika; yeye akimwita Tima laazizi, naye akiitwa Bwana Gunia.

Kisha mambo yakaharibika. Mkutanoni Tima aliwaambia wakulima kuwa mbegu waliyoizoea, ile ile aliyouza Badi, haihimili milia. Maneno yalipofika mjini yalishageuka: mbegu ya Badi ina ugonjwa. Wateja wakalihama duka, na Badi akaacha kupokea simu.

Tima alilia, akajipangusa, akarudi Goobweyn. Aliwakusanya wakulima upya akawaeleza kuwa virusi hivyo havimo ndani ya mbegu. Huenezwa na vidudu vidogo virukavyo jani hadi jani. Badi hajamuuzia mtu ugonjwa.

"Lakini mbegu yake haina kinga," alimaliza. "Hilo silifuti, hata kwa ajili ya nimpendaye."

Badi alikuwa amesimama nyuma ya watu, akasikia yote. Aliondoka, akapanda mbegu zote mbili, yake na ya Tima, bega kwa bega katika shamba la mama yake. Mahindi yalipofika kifuani, akampigia Tima simu aje aone.

Upande wa mbegu ya Badi majani yalijaa milia na mashina yamedumaa. Upande wa mbegu ya Tima ulikuwa kijani kitupu, mahindi yamebeba. Mama yake Badi, Bi Fadhila, alimshika Tima mkono akawaambia majirani, "Mtoto wa Chovae ndiye huyu." Tima, aliyekua akiitwa mkimbizi, alihisi shingo ikimsimama wima.

"Nilikununia bure," Badi alisema. "Ungenificha ukweli ili unipendeze, leo nisingekuamini. Nataka nikuoe."

"Posa hailetwi shambani, Badi. Hupelekwa kwa baba, Mombasa."

"Ami yangu Shuaibu yuko nje ya nyumba yenu sasa hivi. Amekataa kubisha hodi mpaka ukubali mwenyewe."

Tima alitoa simu mkobani, akampigia baba yake palepale, mbele ya watu wote.

"Baba, kuna mgeni mlangoni," alisema. "Mfungulie. Mimi nimeridhia."