Mvuke Ndani ya Bafta

Bushiri alipiga chafya tatu, na kutoka ndani ya jora la bafta mtu akapiga tatu.

Hakushtuka mara moja. Stoo ile ya ghorofa ya tatu pale Mchafukoge ilikuwa na mwangwi wake: kuta nene za zamani, dirisha lililozibwa kwa matofali, majora ya vitambaa yamepangwa mpaka darini. Akajifuta pua, akasikiliza. Kimya. Lakini mwangwi humrudia mtu papo hapo, na huu ulikuwa umengoja. Ulimwacha amalize, ukavuta pumzi, ndipo ukaanza.

Alishuka ngazi bila kumaliza alichopandia.

Jambo alilokuwa akilifanya huko juu lilikuwa la aibu, hata kama yeye mwenyewe hakuliita hivyo. Bushiri alikuwa muuzaji katika duka la vitambaa la mama Darshana kwa miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo vumbi la majora lilimtesa. Asubuhi chafya, jioni macho mekundu, kamasi kama maji. Daktari wa zahanati akamwambia hiyo ni aleji, akampa vidonge, akamkataza vumbi, moshi na kila kitu chenye manukato. Vidonge vilimsinziza kwenye kaunta mbele ya wateja. Vumbi ndilo lililokuwa kazi yake. Na kuhusu moshi, alimjibu daktari kwamba yeye na moshi waliachana zamani, mke wake shahidi.

Ilikuwa kweli ya nusu. Miaka tisa nyuma, mkewe Sabaha akiwa chumba cha kujifungulia na hali imekuwa mbaya, Bushiri aliyekuwa akimaliza pakiti nzima kwa siku aliweka mkono juu ya msahafu mbele ya mama mkwe wake, akaapa kwamba moshi hautapita tena kinywani mwake. Sabaha akapona, mtoto akapona, sigara zikakoma.

Kisha makontena yakaleta sigara za umeme. Muuza chaja mmoja wa mtaa wa Aggrey alimwekea moja kiganjani, nyembamba kama kalamu, akamwambia, "Hii siyo moshi, bro. Ni mvuke. Hata sufuria ya wali inatoa mwingi kuliko huu."

Bushiri akalichukua neno la muuza chaja, akaliweka mahali pa fatwa.

Alichagua ladha ya waridi, ili akinukia watu wadhani ni marashi. Kila siku adhana ya adhuhuri ikilia alimuaga mama Darshana kwamba anakwenda kusali, na badala ya kushuka akapanda. Huko juu alikaa nyuma ya majora ya bafta, ile nguo nyeupe ya sanda, kwa sababu bafta hununuliwa na waliofiwa tu na mama Darshana hakuwa na tabia ya kuikagua. Kila jora lina bomba la karatasi ngumu katikati. Bushiri alivuta, akaweka mdomo kwenye tundu la bomba, akapuliza humo ndani ili harufu isitoke. Bismillahi hakusema, maana aliona haya kumtaja Mungu na kile kidude kikiwa mdomoni. Mvuke wenyewe ulimchokoza pua kuliko hata vumbi, na kila alipopiga chafya, alhamdulillahi aliimeza. Mara nyingi alifika msikitini watu wanatoa salamu, akajipanga nyuma peke yake, akasali haraka haraka kama mwizi.

Siku ya pili yake alipiga chafya mbili. Akajibiwa mbili.

Siku ya tatu alijibana pua kwa vidole, asipige kabisa, na akafanikiwa. Basi kile kilichokuwamo ndani ya bomba kikaanza chenyewe. Kilipiga moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi, na pua ya Bushiri ikaitikia bila ruhusa yake.

Alibadilisha ladha, akanunua ya mnanaa. Stoo ikaendelea kunukia waridi. Akakaa siku nne bila kupanda, na waridi likashuka lenyewe, ngazi kwa ngazi, mpaka nyuma ya kaunta. Mama Darshana alikunja uso, akaongeza vijiti vya udi mbele ya picha za miungu yake, akauliza nani amemwaga marashi. Kisha akaja mwanamke wa Gerezani na bafta yake mkononi imekunjwa. Hakupiga kelele. Alisema walipoitandika kumvika mama yake ilinuka kama chumba cha bi harusi, waoshaji wakakataa kuigusa, na maiti ikangoja mpaka laasiri. Mama Darshana alimwomba radhi kwa mikono miwili, akambadilishia. Bushiri alikuwa amesimama hapo hapo, anakunja kitenge kilichokwisha kukunjwa.

Dukani kulikuwa na mfanyakazi mwingine, Candida, mwanamke wa Masasi, Mkristo, mpole, mwenye maneno machache na utani wa chini chini. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga stoo. Bushiri akipiga chafya yeye humwambia, "Afya, kaka. Ukiendelea hivi kichwa kitabaki mkononi." Siku ile umeme ulikatika, mama Darshana akamtuma juu na tochi ya simu kuleta satini ya buluu. Alirudi mikono mitupu. Akamvuta Bushiri pembeni.

"Kaka Bushiri, ulikuwa juu sasa hivi?"

"Nipo hapa tangu asubuhi."

"Najua upo hapa." Sauti yake ilikuwa karibu haisikiki. "Na juu upo. Umekaa nyuma ya bafta, unapiga chafya. Halafu umeniita jina."

Bushiri alimwambia ni uchovu. Alimwambia anywe maji. Alipogeuka alimwona bado anamtazama usoni, si kwa kutaka jibu, bali kama mtu anayekusitiri kwa nguo na anaona wewe mwenyewe unaivua.

Kesho yake, adhana ya adhuhuri ilipolia, Bushiri alipanda akamalize jambo lenyewe. Alikusudia kuyatoa yale majora, ayaanike juani, aitupe ile kalamu ya umeme kwenye mtaro, na asahau. Umeme ulikuwa bado haujarudi. Alisukuma mlango, akaingia, na mlango haukufungwa na mtu wala upepo ila ukawa umefungwa, na katika giza lile harufu ya waridi haikuwa tena harufu bali kitu kizito chenye joto kilichomkaa usoni kama kitambaa kilicholowa, akatafuta tochi mfukoni vidole vikakutana na ile kalamu badala ya simu, ikawaka yenyewe, kitaa chake kidogo cha kijani, na katika mwanga huo usiotosha hata kusoma lebo aliona jora la juu kabisa la bafta likijikunjua polepole, dhiraa kwa dhiraa, likashuka mpaka sakafuni bila sauti, likatandikika miguuni pake jinsi mwenyeji anavyomtandikia mgeni, na kutoka kwenye bomba lake tupu ikaja sauti yake mwenyewe, sauti ya Bushiri ile ya asubuhi yenye mafua, ikasema bila hasira yoyote:

"Umechelewa leo."

Alishuka ghorofa tatu asijue ameshukaje.

Mama Darshana alimwita shehe Abbasi wa mtaa wa pili. Alisema miungu yake haijui vitu vya ardhi hii, na vitu vya ardhi hii waulizwe watu wake. Shehe alikuwa mzee mwembamba mwenye kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi. Alipanda akakaa nusu saa, akashuka, akaomba wafunge duka. Wakawa wanne: shehe, mama Darshana, Candida na Bushiri.

"Huyu ni ruhani," alisema. "Ruhani hutandikiwa nguo nyeupe, hufukiziwa waridi kwa saa moja isiyobadilika, mahali pasipotajwa jina la Mwenyezi Mungu. Mmoja wenu amemfanyia yote hayo. Hajaja kudhuru mtu, amekuja kwa mwenyeji wake. Aliyemwita aseme ni yeye, nitamwondoa kwa adabu."

Mama Darshana alimtazama Candida. Candida alikuwa akipaka mikononi losheni yenye harufu ya waridi, ya kopo la pinki, kila mtu alilijua lile kopo.

"Kaka Bushiri," Candida alisema. Hakusema zaidi ya hilo, na alilisema kwa upole.

Bushiri alimwona Sabaha mawazoni. Alimwona mama mkwe wake, na msahafu, na mkono wake juu ya msahafu. Alitaka kusema. Mungu anajua kwamba alitaka. Mdomo ulifunguka, na maneno yaliyotoka yalikuwa ya kweli kabisa.

"Yeye ndiye anayepanga bafta," alisema.

Juu yao, ghorofa ya tatu, kitu kilisimama. Wote walisikia mbao zikilia. Kikateremka ngazi kwa hatua za mtu anayevaa makubadhi, kikapita katikati yao na joto lake, na harufu ikakatika kama uzi.

Candida aliambiwa asirudi tena. Alitoka bila hata kuchukua kandambili zake. Na saa ile ile pua ya Bushiri ikafunguka. Alivuta hewa mpaka chini ya mapafu, kavu, safi, kama hajapata kuugua. Zikapita siku kumi na moja, hakupiga chafya hata moja. Sabaha alifurahi, akasema dua zake zimejibiwa. Bushiri aliitikia amina.

Siku ya kumi na mbili alizifunga zile kandambili na kikombe cha Candida kwenye mfuko, akaenda nyumba aliyopanga dada huyo Buguruni. Aliwakuta wapangaji wenzake wamehamishia majiko yao upande wa pili wa ua, mbali na mlango wake. Mwenye nyumba alikuwa amempa mpaka Jumapili awe amehama. Candida alikaa kitandani amejifunika khanga mdomoni, pua imechubuka, macho yamevimba, na chafya zake zilikuwa zinakuja tatu tatu bila kumpa nafasi ya kupumua. Chumba kizima kilinuka waridi.

"Nilikuona wiki ile ya Idi," alisema alipoweza. "Nilipanda stoo, nikakuona umeweka mdomo kwenye jora. Nikasema mtu mzima huyu, ana sababu zake. Sikumwambia mtu."

Bushiri aliuweka mfuko sakafuni.

"Wanasali watu wa kanisani kwangu, wanasoma zaburi, hakitoki. Kinanijibu kwamba hakijaiba, kimepewa." Akapiga chafya tena tatu, akashika mbavu. "Kinasema kwa sauti yako, kaka Bushiri. Mimi silali kwa sababu ya sauti yako."

Kutoka pale Bushiri alikwenda moja kwa moja kwa shehe Abbasi, akamweleza yote, kalamu, adhuhuri, kiapo. Shehe hakumkemea, na afadhali angemkemea. Alimuuliza tu kama alijua tofauti ya moshi na mvuke mbele ya Yule ambaye kwa kitabu chake Bushiri aliapa. Kisha akamwambia kwamba ulimi ndio uliomkabidhi yule mwanamke na ulimi ndio utakaomtoa, mbele ya wale wale waliosikia. Na kwa kuwa kiapo kilikuwa kwa ajili ya mke, mke naye awepo.

"Ruhani akimwacha Candida, atakwenda wapi?" Bushiri aliuliza.

"Kwa mwenyeji wake," alisema shehe. "Nitakusomea. Inaweza kuwa mwaka. Wengine niliwasomea mpaka nikawazika. Unaweza pia kukaa kimya, Bushiri. Pua yako nzima sasa."

Alitembea Kariakoo yote jioni ile. Alipita kwa wauza chaja. Alivuta hewa safi, akaona jinsi ilivyo tamu, akaona aibu kwa utamu wake.

Jumamosi walikusanyika dukani, milango imefungwa. Mama Darshana alikaa kwenye kiti chake. Candida alikuja ameshikwa mkono na jirani, akaketi karibu na mlango. Sabaha hakuwa amejua ameitiwa nini. Alikaa juu ya robota la vitenge kando ya mumewe, bega kwa bega, akamshika mkono.

Shehe akauliza, "Nani alimwita?"

"Mimi," alisema Bushiri. "Candida hana habari yoyote. Nilikuwa navuta sigara ya umeme stoo, ndani ya sanda za watu, saa ya sala. Nilikula kiapo juu ya msahafu nikakivunja kwa neno la muuza chaja. Na siku ile nilijua, nikamsingizia huyu dada kwa kusema kweli. Mimi ndiye mwenyeji wake."

Karibu na mlango Candida alivuta pumzi ndefu, ndefu sana, kama mtu aliyetolewa majini, na alipoitoa haikutoka na chafya. Mama Darshana aliinamisha kichwa. Alimwomba Candida msamaha kwa mikono miwili, jinsi alivyomwomba yule mfiwa, akamwambia kazi yake ipo.

"Nitarudi kazini," alisema Candida. Akamtazama Bushiri. "Wewe sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuja kukwambia mwenyewe, usiniulize."

Bushiri aliitikia kwa kichwa. Alimgeukia mke wake. Sabaha alikuwa ameuachia mkono wake. Alisogea tu juu ya lile robota, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mumewe.

Na ile nafasi, wote wakitazama, ikabonyea.