Dakika Mbili za Umeme

Duka la simu lilifurika watu Jumamosi ile. Mwanadada mwenye gauni la kijani alikuwa akibishana na muuzaji, kwa sauti ambayo kijana mmoja nyuma yake, mgeni wa mji ule, aliijua fika. Kwa miezi saba aliisikia kila saa kwenye simu ya kazini. Yeye aliongoza umeme wa gridi ya kwao, mwanadada aliongoza wa gridi jirani, na laini moja ya msongo mkubwa iliwaunganisha.

"Kumbe ndiyo wewe," alimwambia. "Nilidhani u mfupi."

Mwanadada akacheka hadi akasahau simu aliyoijia.

Wakapendana. Kila akipata mapumziko kijana alipanda basi, mwendo wa saa nne, kumfuata. Mama wa mwanadada, aliyeugua mapafu na kupumua kwa mashine ya umeme, akaanza kumwita mkwe kabla ya posa. Ndoa ikapangwa.

Jumanne moja adhuhuri, mitambo mikubwa upande wa mwanadada ilizimika ghafla. Gridi yao ikaanza kufyonza umeme wa jirani, laini ikazidiwa. Mwanadada akapiga simu, akaomba dakika mbili tu awashe mitambo ya akiba.

"Mpenzi, mama yuko nyumbani," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo kazini.

Kijana akatazama vipimo vikiporomoka. Akingoja, miji yote miwili ingezimika, pamoja na hospitali zake. Akakata laini ya umeme.

Umeme ulirudi baada ya saa mbili. Betri ya mashine ilikuwa ya dakika kumi. Jirani aliyemwangalia mama alikwisha kumfunika shuka.

Kijana alifika msibani siku ya tatu. Hakuna aliyempa kiti, na kaka wa marehemu alimwambia wazi kwamba hapo yeye si mkwe tena, wala rambirambi zake hazitakiwi. Mwanadada akamwita uani, macho makavu.

"Ungerudishwa pale, ungekata tena?"

Angeweza kudanganya. "Ningekata."

"Najua. Hata mimi ningekata. Ndiyo maana siwezi kuolewa na wewe. Kila nikikutazama nitajiona mwenyewe."

Kijana alinyoosha mkono. Mwanadada alikwisha kugeuka.

Jumatatu mwanadada akarudi zamu. Saa moja kamili kijana akapiga, kama kanuni inavyotaka, akamsomea vipimo. Mwanadada akaviandika vyote, akashukuru, akamwita "afisa".